Siku tatu wodini bila kulazwa

Mwezi Februari mwaka 2025, jirani yetu mmoja, ambaye hapa nitamwita Mzee tu kama tunavyomwita sote katika jengo letu, aliteleza kwenye barafu akaumia nyonga. Hakuvunjika mfupa, lakini hakuweza kusimama. Gari la wagonjwa lilimchukua, akapewa kitanda ghorofa ya nne, akavishwa utepe wa mkononi wenye jina lake, akala chakula cha hospitali na kulala huko usiku tatu. Daktari alipopendekeza apelekwe katika kituo cha uuguzi kwa majuma machache ili afanyishwe mazoezi ya viungo, tuliambiwa kwamba Medicare haitalipia kituo hicho kwa sababu Mzee hakuwa amelazwa. Nilidhani nimetafsiri vibaya, maana mkalimani siku hiyo nilikuwa mimi mwenyewe. Nikamwomba muuguzi arudie. Akarudia neno kwa neno.

Kwa Kiswahili, mtu aliyelala wodini siku tatu amelazwa, na hakuna mjadala. Kwa Medicare, yaani bima ya afya ambayo serikali ya Marekani huwapa watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi, pamoja na baadhi ya watu wenye ulemavu na wenye figo zilizoshindwa kufanya kazi, kulazwa ni hali ya kisheria inayoanza pale tu daktari anapoandika amri rasmi ya kumlaza mgonjwa. Kabla ya amri hiyo, mgonjwa anaweza kuwa kwenye kitanda kilekile, chini ya wauguzi walewale, lakini katika vitabu vya hospitali akawa mgonjwa wa nje aliye chini ya uangalizi. Tofauti ya maneno haya mawili haionekani kwa macho. Inaonekana kwenye bili.

Sababu yake ni kwamba Medicare imegawanywa katika sehemu, na kila sehemu ina mfuko na kanuni zake. Sehemu A hulipia kulazwa hospitalini. Sehemu B hulipia madaktari, vipimo, na huduma za mgonjwa wa nje, ukiwamo uangalizi. Aliyelazwa chini ya Sehemu A hulipa kwanza kiasi ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 1,676, kisha bima hubeba gharama nyingine za hospitali hadi siku ya 60. Kuanzia siku ya 61 hadi ya 90 hulipa kiasi cha kila siku, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 419. Watu wengi huzidhani dola zile 1,676 kuwa ni za mwaka mzima, kumbe ni za kipindi cha ugonjwa: mgonjwa akitoka hospitalini, akakaa siku 60 mfululizo bila kuhitaji hospitali wala kituo cha uuguzi, kisha akalazwa tena, hesabu huanza upya na dola zile hulipwa tena, hata kama ni mwaka uleule.

Kituo cha uuguzi nacho kimo ndani ya Sehemu A, na hapo ndipo tulipokwama. Medicare ya asili, yaani ile inayoendeshwa na serikali yenyewe, hulipia kituo hicho ikiwa tu mgonjwa amelazwa kwa siku tatu mfululizo, bila kuhesabu siku ya kuruhusiwa. Akitimiza sharti hilo, na akiwa kweli anahitaji uuguzi au mazoezi ya kitaalamu ya kila siku, siku 20 za kwanza halipi kitu, na kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 hulipa kiasi cha kila siku, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 209.50. Asipolitimiza, hulipa yote mwenyewe. Siku za uangalizi hazihesabiwi, hata zikiwa tano.

Nikikumbuka vizuri, na ninakumbuka vizuri kwa sababu jambo hili limenikosesha usingizi, siku ya pili pale hospitalini aliingia mhudumu mwenye karatasi akaomba saini. Sheria ya mwaka 2015 inazitaka hospitali zimpe taarifa ya maandishi mgonjwa wa Medicare anayekaa chini ya uangalizi kwa zaidi ya saa 24, zimweleze kwa mdomo maana yake, na apewe nafasi ya kuuliza. Taarifa ilitolewa. Maelezo yalichukua muda mfupi kuliko niliotumia kutafuta miwani yangu, na ilipofika zamu ya maswali mhudumu alikwisha kugeukia mlango. Mzee alisaini kwa sababu alizoea, tangu kambi ya wakimbizi, kwamba karatasi inayoletwa na mtu mwenye kitambulisho shingoni husainiwa. Nami nilitafsiri neno la Kiingereza kuwa “tunakuangalia”, likasikika kama jambo la heri.

Kama ningekuwa najua ninayoyajua leo, ningeuliza swali moja kila asubuhi: huyu mzee amelazwa, au yuko chini ya uangalizi? Kanuni inayotumika humtaka daktari, kwa kawaida, amlaze mgonjwa ambaye anatarajia kwamba atahitaji huduma za hospitali kwa muda unaovuka usiku wa manane mara mbili. Hali hiyo inaweza kubadilishwa mgonjwa angali hospitalini, daktari akiridhika kwamba ugonjwa unastahili. Mgonjwa akisharudi nyumbani, mlango huo huwa umefungwa kwa walio wengi.

Mzee alitibiwa nyumbani. Medicare hulipia mtaalamu wa mazoezi ya viungo amfuate mgonjwa ambaye hawezi kutoka nyumbani bila taabu kubwa, mradi daktari ameagiza, na huduma hiyo haina sharti la kulazwa wala malipo ya mgonjwa. Kijana alikuja mara tatu kwa juma, akamfundisha Mzee kupanda ngazi kwa mguu mzima na kushuka kwa mguu mgonjwa. Namshukuru. Hata hivyo mtu anayehitaji kuinuliwa usiku ili aende msalani hamalizi shida yake kwa saa tatu za juma zima, na zile nyingine zilibebwa na binti yake anayefanya kazi zamu ya usiku.

Tangu hapo nimeamua kuandika ninachokielewa kuhusu bima hii, maana wazee wetu wengi huipokea kadi kama mtu anavyopokea cheti cha kumaliza safari. Kadi yenyewe ni kipande cha karatasi chenye rangi nyekundu, nyeupe na bluu. Ina jina, namba yenye herufi na tarakimu 11, na mistari miwili: mmoja wa Sehemu A na mwingine wa Sehemu B, kila mmoja ukiwa na tarehe ya kuanza. Tarehe hizo mbili ndizo ninazozitazama kwanza kila mzee anaponiletea kadi yake, kwa sababu gharama nyingi za Medicare huamuliwa kabla mtu hajaugua, kwa siku aliyojiandikisha.

Bima hii ilizaliwa tarehe 30 Julai 1965, Rais Lyndon Johnson aliposaini sheria yake katika mji wa Independence, jimbo la Missouri, akiwa pamoja na rais mstaafu Harry Truman, ambaye alipigania bima ya afya ya taifa miaka ya 1940 na kushindwa. Truman na mkewe Bess ndio waliopewa kadi za kwanza. Huduma zilianza tarehe 1 Julai 1966, na kuna jambo la wakati ule ambalo sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu ya kulijua: hospitali iliyotaka kulipwa na Medicare ilitakiwa kuacha kuwatenga wagonjwa kwa rangi, na katika miezi michache maelfu ya hospitali, zikiwamo za kusini mwa nchi, ziliunganisha wodi ambazo zilikuwa zimetenganishwa kwa miaka mingi. Amri za mahakama zilikuwa zimeshindwa kufanya hivyo. Pesa zikaweza.

Mchango wa Sehemu A hulipwa wakati wa kufanya kazi, kwa makato ya mshahara. Mtu aliyefikisha alama 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, hadaiwi ada ya kila mwezi kwa sehemu hiyo. Alama moja mwaka 2025 ilikuwa kipato cha dola 1,810, na mtu hawezi kupata zaidi ya nne kwa mwaka. Mzee alifika mwaka 2013 akitokea kambi ya Nyarugusu, huko Tanzania, akaanza kazi ya kufua mashuka mwaka huohuo, na kufikia mwaka 2022 alikuwa amekamilisha alama zake. Mke au mume anaweza kutumia alama za mwenzake, jambo ambalo akina mama wengi waliolea wajukuu badala ya kuajiriwa hawaambiwi na mtu yeyote.

Sehemu B ina ada kwa kila mtu. Mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi, na wenye kipato kikubwa hulipa zaidi. Juu ya hayo kuna kiasi cha mwanzo wa mwaka, dola 257 mwaka 2025, ambacho mgonjwa hujilipia, na baada ya hapo bima hulipa asilimia 80 ya bei inayoikubali. Asilimia 20 inayobaki ni ya mgonjwa, na haina kikomo. Kwa mafua asilimia 20 si kitu. Kwa saratani ni nyumba.

Sasa nije kwenye tarehe. Dirisha la kwanza la kujiandikisha ni la miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Anayepokea tayari pensheni ya Social Security huandikishwa bila kuomba, lakini yule ambaye bado anafanya kazi na hajaanza kuichukua hana budi kuomba mwenyewe, na hakuna atakayekuja kumgongea mlango. Akilikosa dirisha bila sababu inayokubalika, hungoja kipindi cha Januari hadi Machi, na ada yake ya Sehemu B huongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa. Aliyechelewa miaka miwili, kwa ada ya mwaka 2025, angelipa dola 222 badala ya 185. Faini hii haiishi. Hulipwa muda wote mtu anapokuwa na Sehemu B, na kwa wengi hiyo ni hadi kufa.

Kuna kanuni ndogo hapa inayowahusu watu wetu kuliko watu wengine wowote ninaowafahamu. Mzee, kwa mujibu wa karatasi, alizaliwa tarehe 1 Januari 1959. Katika jengo letu tuna wazee wanne waliozaliwa tarehe 1 Januari, wa miaka mbalimbali, kwa sababu wakimbizi wengi wasiojua siku yao ya kuzaliwa huandikiwa tarehe hiyo. Mzee mwenyewe anajua tu kwamba alizaliwa wakati wa kuvuna mpunga. Medicare ina kanuni kwamba aliyezaliwa tarehe mosi ya mwezi wowote huanza bima mwezi uliotangulia. Kwa hiyo mzee wa tarehe 1 Januari huanza tarehe 1 Desemba, na dirisha lake la miezi saba ni kuanzia Septemba hadi Machi, wala si Oktoba hadi Aprili kama vidole vinavyohesabu. Akienda ofisini mwezi Aprili akiamini kwamba huo ndio mwezi wake wa mwisho, atakuta dirisha limekwisha kufungwa. Sisi tulikwenda Oktoba 2023, tukiamini kwamba tumewahi sana. Afisa alitazama tarehe, akatabasamu, akasema, “Mwingine wa Januari mosi.”

Anayeendelea na kazi baada ya miaka 65, na ana bima ya mwajiri wake au ya mwajiri wa mwenzi wake, anaweza kuahirisha Sehemu B bila faini, na kazi ikiisha hupewa miezi minane ya kujiandikisha. Hapa pana mashimo mawili. La kwanza ni kwamba bima ya kujiendeleza baada ya kuacha kazi, ile inayoitwa COBRA, haihesabiwi kuwa bima ya kazini. Miezi minane huanza siku kazi inapokwisha, na mtu anayekaa kwenye COBRA miezi 18 akijiona salama hutoka humo na faini. La pili ni la makampuni madogo. Mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 20 ana bima ambayo, kwa mfanyakazi wa miaka 65, hulipa nyuma ya Medicare. Mwenzake Mzee kazini hakujiandikisha kwa kuwa alikuwa na kadi ya kazini. Hakupigwa faini, lakini bima ya kazini ilikataa sehemu ya bili zake ikisema kwamba hizo zilikuwa za Medicare kulipa, na Medicare hakuwa nayo.

Mama yangu mzazi ni hadithi nyingine. Nilimdhamini akaja kwa kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, mwaka 2020, akiwa na miaka 67, na hajawahi kuajiriwa nchini humu hata siku moja. Kwa mtu kama yeye, umri pekee hautoshi. Ni lazima awe na ukaazi wa kudumu na awe ameishi nchini mfululizo kwa miaka mitano kabla ya kuomba. Miaka hiyo mitano aliipitia kwa bima ya kununua kwenye soko la bima lililoanzishwa na sheria ya mwaka 2010. Miaka mitano ilipokaribia kutimia, dirisha lake la miezi saba lilifunguka kwa kuhesabu kutoka mwezi huo, si kutoka siku yake ya kuzaliwa, na bima ya sokoni haikuwa kisingizio cha kuchelewa.

Kwa kuwa hana alama za kazi, Sehemu A kwake si ya bure. Mwaka 2025 iliuzwa dola 518 kwa mwezi kwa mwenye alama chini ya 30, na dola 285 kwa mwenye alama 30 hadi 39. Ukiongeza Sehemu B, ilikuwa dola 703 kila mwezi. Mama aliposikia hesabu hiyo alinitazama kama anayetafuta namna ya kuomba radhi kwa kuzeeka. Nikamwambia, “Mama, usijali, si lazima tununue yote leo.” Akaniuliza, “Hiyo ya daktari ni ngapi?” Sehemu B inaweza kuchukuliwa peke yake, na ndiyo tuliyoanza nayo. Sehemu A tuliiomba kwa sharti, yaani ianze tu ikiwa jimbo litakubali kumlipia.

Maana kuna mpango ambao majimbo huwalipia wazee wa kipato kidogo gharama za Medicare, na ule mpana zaidi hulipa ada ya Sehemu B, ya Sehemu A pale inapodaiwa, kiasi cha kuanzia na hata ile asilimia 20. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha kipato kwa mtu mmoja katika majimbo mengi kilikuwa dola 1,325 kwa mwezi. Aliyemo ndani ya mpango huo haruhusiwi kisheria kudaiwa na daktari au hospitali ya Medicare masalio ya huduma zinazofunikwa na bima. Kwa aliyedhaminiwa na mtoto, kipato cha mdhamini chaweza kuhesabiwa pamoja na chake, na ndiyo sababu ombi letu limechukua miezi. Mpango huo huendeshwa na Medicaid, jina ambalo limetofautiana na Medicare kwa herufi chache tu na limewachanganya hata makarani. Namna ninayowaeleza wazee ni kwamba Medicare huuliza una miaka mingapi, na Medicaid huuliza una shilingi ngapi. Mtu anaweza kuwa na zote mbili.

Kwa wakimbizi na waliopewa hifadhi, mambo yalibadilika mwaka 2025. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeibana Medicare ibaki kwa raia, wakaazi wa kudumu, baadhi ya watu kutoka Cuba na Haiti, na wananchi wa visiwa vichache vya Pasifiki vyenye mkataba na Marekani. Waliomo tayari bila kuwa katika makundi hayo wamepewa miezi 18 tangu sheria kusainiwa. Mkimbizi huruhusiwa kuomba kadi ya kijani akishatimiza mwaka mmoja nchini, lakini wazee wengi huliacha jambo hilo likae, kwa kuwa karatasi ya ukimbizi ilikuwa ikiwatosha kwa kazi na nyumba. Haitoshi tena. Kama una mzee nyumbani ambaye alama zake za kazi zimetimia lakini ukaazi wake bado ni wa ukimbizi, fomu hiyo ianze juma hili.

Oktoba tarehe 15 hadi Desemba 7 ni msimu wa kubadilisha mipango, na televisheni zitajaa watu mashuhuri waliozeeka wakiahidi meno, miwani na pesa za chakula. Wanachotangaza ni Medicare Advantage, au Sehemu C, ambapo kampuni binafsi hulipwa na serikali ili iendeshe Sehemu A na B, na kwa kawaida dawa pia. Zaidi ya nusu ya watu wenye Medicare sasa wako huko, na si wajinga: ada ya ziada mara nyingi ni sifuri, kuna kikomo cha mwaka cha matumizi ya mgonjwa ambacho mwaka 2025 hakikuzidi dola 9,350 kwa huduma za ndani ya mtandao, na kampuni nyingi hazidai zile siku tatu za kulazwa zilizotukwamisha. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa hufungwa kwenye orodha ya madaktari wa kampuni, na matibabu ya gharama kubwa huhitaji kibali cha awali kutoka kwa mtu asiyemwona mgonjwa.

Njia nyingine ni kubaki na Medicare ya asili, inayokubaliwa na madaktari walio wengi nchi nzima, na kununua bima ya nyongeza iitwayo Medigap ili ibebe ile asilimia 20. Mzee alichagua hii, na watoto wake wanne huchangiana ada. Jambo la kukumbuka ni kwamba kampuni za Medigap hulazimika kumpokea mtu bila kuuliza magonjwa yake ndani ya miezi sita tu tangu anapokuwa na Sehemu B akiwa na miaka 65 au zaidi. Baada ya hapo, katika majimbo mengi, zinaweza kuuliza kuhusu kisukari na presha, na zinaweza kukataa. Kwa hiyo anayesema ataanza na ile ya bure, kisha akiugua sana ahamie ya asili, anapanga safari ambayo huenda haina barabara ya kurudi. Binafsi, kwa mzee mwenye kipato cha kuweza kulipa, napendelea ya asili pamoja na nyongeza. Kwa asiyeweza, Advantage iliyochaguliwa baada ya kuhakikisha kwamba daktari wake yumo kwenye orodha ni bora kuliko asilimia 20 isiyo na kikomo.

Dawa ziko Sehemu D, iliyoanza mwaka 2006, na huuzwa na kampuni binafsi. Mwaka 2025 ulileta nafuu ya kweli: mgonjwa akishalipa kiasi fulani, dola 2,000 mwaka huo, kwa dawa zilizomo kwenye mpango wake, halipi tena hadi mwaka uishe, na insulini haizidi dola 35 kwa mwezi. Asiyetumia dawa yoyote naye ajiandikishe kwenye mpango wa bei ndogo, kwa sababu kuchelewa kuna faini yake, asilimia moja ya ada ya msingi ya taifa kwa kila mwezi aliochelewa.

Wanaopiga simu bila kuombwa wakisema wametoka Medicare na wanataka namba ya kadi, wakatieni. Kampuni za mipango hii haziruhusiwi kumpigia mtu asiyewaomba, wala kumgongea mlango. Ushauri wa bure upo katika kila jimbo kupitia mpango uitwao SHIP, ambao washauri wake hawauzi kitu, na simu ya Medicare yenyewe hutoa mkalimani bila malipo. Nimeitumia kwa Kiswahili. Tulingoja, lakini alipatikana.

Yaliyobaki nje ya bima hii ni mengi kuliko wazee wanavyodhani. Medicare ya asili hailipii meno ya kawaida, miwani, vifaa vya kusikia, wala mtu wa kumwogesha na kumlisha mzee miaka nenda rudi. Na, isipokuwa katika mazingira machache sana, haivuki mpaka wa nchi. Mzee aliniuliza hili mwezi uliopita, akiwa ameshika kadi mkononi, maana anataka kwenda kumwona binti yake mkubwa aliyebaki Kigoma na hajamwona tangu alipoondoka.

“Mwanangu, hii si ya serikali? Nikiugua kule si wataisoma?”

Nilimwambia kwamba kule ni karatasi tu, na kwamba dola zake 185 zitaendelea kukatwa kwenye pensheni awepo asiwepo, na asizisimamishe, kwa sababu akirudi atakuta faini inamngoja. Kisha tukafungua mkataba wa Medigap yake, ambayo ni ya herufi G, tukakuta kifungu cha dharura za ugenini: hulipa asilimia 80 baada ya dola 250 za kwanza, hadi dola 50,000 katika maisha yake yote, kwa dharura itakayoanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari. Alinirudisha kwenye mstari huo wa siku mara mbili, akauliza kama siku ya ndege inahesabiwa. Nikamwambia tuihesabu. Tiketi aliyokata ni ya siku 55.